Pikipiki ya Optatus

Optatus wa Chilangala alirithi mikorosho, hakurithi akili. Msimu ule korosho ziliposhika bei mnadani, alishuka Masasi akarudi na pikipiki ya mashindano, ile ya kurukia matuta, waliyoichoka wenyewe huko Ulaya. Kwa bei yake angepata pikipiki tatu za kawaida, zenye kiti kirefu na keria.

"Ni nyepesi kuliko hizo zenu, na nguvu yake ni mara nne," alitutambia.

"Na inabeba nini, Baba Lois?" mkewe Dorika akamuuliza.

"Inanibeba mimi."

Injini yake ilikuwa ya zile zinazochoma oili pamoja na petroli. Kila asubuhi bwana mkubwa alikoroga mchanganyiko wake kwenye kidumu, kama mganga, kisha akaiwasha uani na kuipigisha kelele bila kwenda popote. Moshi wa buluu ulitanda mpaka kwenye makopa ya muhogo Dorika aliyoanika. Ugali wao ukanuka gereji. Mama yake Optatus, Bibi Veridiana, ambaye kifua kilikuwa kimemsumbua miaka mingi, alijifunika kanga usoni. Mwanawe alidhani anaona haya kwa furaha.

Asubuhi moja kifua kilimbana bibi, pumzi ikawa inakatika. Optatus akakimbilia pikipiki yake, akaizunguka, akaitazama. Kiti chembamba cha mtu mmoja. Pa kukanyagia abiria, hapana. Ikabidi ampigie simu Hamudi, bodaboda ambaye yeye Optatus alizoea kumwita mbeba mihogo.

Hamudi alifika upesi. "Shikamoo, bibi," akasema, akamsaidia kukaa katikati, Dorika nyuma akimshikilia. Wakaanza safari ya hospitali, Newala mjini. Mtu mwenye haya angebaki kufunga mlango. Optatus alitangulia eti awafungulie njia, akawarushia mchanga na moshi. Bibi alikohoa hadi Hamudi akasimamisha pikipiki.

Optatus akageuza. "Mbona mmesimama?"

Dorika alishuka, akasimama mbele ya gurudumu lake. "Zima."

"Mimi ndiye mwanawe!"

"Mwana gani anamvutisha mama yake moshi? Zima, au kaa nyuma yetu."

Akakaa nyuma, amenuna. Lakini ile mashine haikutengenezwa kwa mwendo wa mgonjwa. Ilikwenda ikikwama, oili ikaloweka plagi, mwisho ikazimika. Aliipiga teke mpaka jasho likamtoka. Wenzake hawakugeuka.

Alipoingia hospitali akiisukuma, mama yake alikuwa ameshapata dawa na pumzi zimetulia. Maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Mama, plagi imeniangusha."

"Dominika anakuja kunichukua," bibi akasema. Dominika ni binti yake wa Mkomaindo, Masasi. "Nitakaa kwake. Ukitaka kuniona, panda basi."

Dorika naye aliongozana na wifi yake, akamchukua na mtoto wao Lois. Alirudi tu baada ya kusikia pikipiki imeuzwa kwa kijana wa Ndanda, kwa hasara ambayo mumewe hajathubutu kuitaja.

Bibi hakurudi. Optatus humtembelea Jumapili, hukaa kwenye mkeka, huletewa chai. Hajawahi kusema samahani. Ukimuuliza yaliyotokea, atakueleza kwa kirefu kwamba petroli ya huku kwetu ni mbaya.