Aliyecheka Mama wa Steringi Alipokufa

Mwezi uliopita nilirudi Sumbawanga kumsalimia dada yangu, nikapita pale lilipokuwa banda la video. Siku hizi ni stoo ya mbolea. Nilisimama mlangoni kama mjinga, mwenye stoo akanikaribisha akidhani ni mteja.

Wewe uliyekulia miaka ile ya soko huria unalijua banda la namna hiyo. Mitumba ilishaingia, redio za kaseti zimejaa madukani, na jirani yetu, mfanyabiashara aliyetoka Mbeya, akaleta deki ya video, televisheni na jenereta. Madirisha aliyaziba kwa magunia. Jumapili tukitoka kanisani tulibanana kwenye mabenchi, kisha mlinzi akafunga mlango kwa komeo, maana wazamiaji wasiolipa kiingilio walikuwa wengi. Ukitoka, huingii tena. Baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita ilibaki nje. Ndani kulikuwa na jasho, moshi wa jenereta na harufu ya karanga, na mbele alikaa mkalimani akitutafsiria Kihindi ambacho nina hakika hakukijua hata neno moja.

Nyumbani kwetu mtu alipimwa kwa pikcha anayoipenda. Hiyo ilikuwa imani ya shangazi, aliyetulea baada ya mama kufariki. Bandani hakuwahi kukanyaga, alisimuliwa tu huku akisonga ugali wa ulezi, lakini hukumu zake hazikukatiwa rufaa. Mpenda ngumi atampiga mkewe, alisema, na anayelia kwenye pikcha ya Kihindi ana huruma. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nilizipenda za Kihindi. Kila mama wa steringi, yule shujaa wa pikcha, alipokata roho nililia mpaka kamasi, wala sikuhitaji mtu wa kunieleza kwa nini.

Mwaka huo dada alipata posa mbili. Ya kwanza ilitoka kwa karani wa ofisi moja mjini, shati limenyooshwa pasi, maneno ya polepole. Ya pili ilitoka kwa kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walikuwa wamehamia kwetu na ng'ombe wao. Wafugaji tuliwasema vibaya bila kuwajua. Dada hakuulizwa, ingawa mimi niliona kwamba alijipaka mafuta zaidi siku za mnada wa ng'ombe.

Shangazi akanituma. "Wote wawili wanakwenda video Jumapili. Kaa nyuma yao, uje unieleze."

Mama wa steringi alipokuwa anakufa, karani alitoa leso akajifuta macho. Yule kijana akacheka, tena kwa sauti. Kusema haki, nusu ya banda ilicheka, kwa sababu mkalimani alimfanya yule mama amuulize mwanawe kama mbuzi ameshawafunga. Mimi sikucheka. Nilimkasirikia yule kijana peke yake. Baadaye kidogo, mtoto mdogo aliyekaa karibu naye aliogopa giza, akaanza kupiga kelele. Kijana akambeba, akagonga mlango, mlinzi akamkumbusha kwamba harudi. Akatoka naye hivyo hivyo, pikcha ikiwa bado katikati. Niliyaona yote hayo.

Nyumbani nikasema, "Karani alilia. Yule mwingine alicheka mama alipokufa, halafu akaondoka kabla haijaisha."

Kila neno lilikuwa la kweli. Shangazi akageuza ugali, akasema, "Basi, imetosha." Wiki ile ile baba, ambaye neno la shangazi hakulipinga, akamkubalia karani.

Machozi ya karani yaliishia kule bandani. Baada ya harusi alikuwa akienda kazini na ufunguo mfukoni, dada amefungiwa ndani. Nilimpelekea dagaa wa Kirando, nikampitishia kwenye nondo za dirisha, tukaongea hivyo, yeye ndani, mimi nje. Shangazi alisema atazoea. Niliumia, nikaogopa, nikanyamaza, na kunyamaza huko kumenifunga mpaka leo.

Shangazi tumeshamzika. Mkalimani sijui aliishia wapi. Watoto wetu kila mmoja anatazama simu yake kivyake, na hakuna anayejua mwenzake amecheka nini. Naukumbuka ule msongamano wa mabenchi kwa mapenzi, kisha naona aibu.

Siku hiyo ya stoo ya mbolea nilimkuta dada uani, anachambua maharage. Shemeji, yule karani, amestaafu, ameweka kiti mlangoni, anamhoji kila anayeingia na anayetoka. Dada akainama karibu yangu.

"Mdogo wangu, yule Msukuma wa mnadani. Shangazi alisema ulimwona bandani. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Shemeji akakohoa kule mlangoni. Nikachota maharage kiganja kimoja, nikaanza kuchambua.

"Sikumbuki, dada," nikamwambia.