Mguu Niliokataza Usiguswe

Baba alivunjika kifundo cha mguu kwenye shimo la mgomba. Alikuwa amelichimba mwenyewe, akalijaza samadi na udongo, na wiki iliyofuata akalikanyaga akidhani limeshashikana. Nyumbani Kanyakine watu walicheka, na yeye pia. "Nimejipanda," aliwaambia waliokuja kumtazama. "Rudini mwakani mvune."

Mimi nilikuwa mjini Embu, katika maabara ya chuo. Kazi yangu ilikuwa kutazama seli za kinga, zile chembe za damu ambazo huwahi kufika mahali penye kitu kigeni mwilini. Niliweka vipande vidogo vya magnesiamu katika sahani za plastiki, nikamwagia seli juu yake, nikahesabu zilizokufa na zilizobaki hai, nikaandika. Magnesiamu ni metali inayolika polepole mwilini. Skrubu ya chuma cha kawaida ikishaunga mfupa, huenda ukapasuliwa tena ili itolewe. Ya magnesiamu huisha yenyewe.

Daktari wa mifupa alipomwambia baba kwamba angeweza kuwekewa skrubu za aina hiyo, baba aliomba muda. Alinipigia simu.

"Hiki kitu kinachoyeyuka unakijua?"

"Nakijua."

"Wewe huamini kitu. Hiki unakiamini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Tangu niingie chuo kikuu nilikuwa nimehoji maombi ya kabla ya chakula, mahubiri, bei ya mbolea, hata sababu ya kupanda mahindi siku ile ile jirani anapopanda. Nikamwambia ndiyo, hiki nakiamini. Akatia sahihi.

Dada yake baba, ambaye sisi humwita Tata, anakaa ng'ambo ya ua wetu. Ndiye hukanda watu pale kwetu: wanawake waliojifungua, vijana walioteguka wakicheza mpira, wazee wenye migongo. Ana beseni lake, kitambaa chake, maji ya moto na chumvi. Wiki ya tatu baada ya upasuaji, kidonda kikiwa kimefunga, alianza kumkanda baba. Siku ya pili akanipigia.

"Kuna kitu kinalia ndani ya mguu wa baba yako. Nikibonyeza, kinafanya kama majani makavu ya mgomba."

Nilifurahi. Nakumbuka vizuri kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimeona mapovu ya magnesiamu kwenye sahani kila siku, na sasa mtu asiyejua kemia alikuwa ameyasikia kwa vidole.

"Ni gesi, Tata. Haidrojeni. Metali ikilika hutoa gesi. Itaisha."

"Na huku kuvimba?"

"Ni seli za kinga. Zinafika na hasira, zinaona mgeni, zinamwaga kemikali. Baadaye zinatulia na kuita zile zinazojenga mfupa."

"Kama ndugu za marehemu kwenye mkutano wa mazishi. Hizo zako zinatulizwa na nini? Chai?"

Nilicheka, kisha nikamwambia asimkande tena, kwa sababu mfupa haujashika. Asiuguse kabisa.

"Hata maji ya chumvi tu?"

"Chumvi haipiti kwenye ngozi."

"Haya, daktari wa sahani," akasema, akatii. Alimwaga maji, akaanika kitambaa.

Kuhusu kukanda, nilikuwa sahihi. Daktari naye alisema hivyo baadaye.

Baada ya wiki moja baba akaniambia mguu unachoma. Nikamwambia seli zinafanya kazi. Siku chache baadaye akasema unachoma zaidi na hana hamu ya kula. Nikamwomba anitumie picha. Niliitazama nikiwa nimesimama kando ya hadubini: kifundo kilichovimba, ngozi iking'aa kidogo. Nilikuwa nimesoma kuhusu miguu kama hiyo. Nikamwandikia kwamba inaonekana kama ilivyotarajiwa. Picha haina joto.

Siku ya tano baada ya picha, Tata akapiga.

"Ulinikataza kumgusa," akasema. "Nimemgusa."

"Tata..."

"Nyamaza. Mguu una moto kama jiwe la mekoni. Mguu wa pili uko kawaida. Kidonda kimefunguka na kinanuka. Tunaenda hospitali, nimekuambia tu ujue."

Nilifika siku iliyofuata. Walikuwa wameshampasua na kuosha. Daktari alinikuta kwenye korido.

"Gesi ilikuwepo," akasema. "Na usaha ulikuwepo. Kwa macho, huwezi kutofautisha mapema. Alipoanza kusikia joto, ni nani alikuwa anamkagua?"

"Mimi."

"Ukiwa wapi?"

"Embu."

Aliandika kitu kwenye faili. Hakuniuliza tena.

Nilikaa kwenye benchi nikala chapati niliyoinunua getini. Nilisubiri nisikie kitu, aibu au woga, lakini nilichosikia ni kwamba chapati ilikuwa na chumvi nyingi. Nikafikiria sahani zangu. Kabla ya kuanza kazi yoyote, tuliua kila kijidudu: kwenye vifaa, kwenye metali, kwenye maji. Seli zangu hazikuwahi kukutana na adui mwingine. Kila hasira niliyoiona pale ilikuwa ya magnesiamu, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kukasirikia. Kisha nikauchukua mguu wa mtu, aliyeangukia samadi, nikausoma kama sahani.

Mguu haukukatwa. Mfupa ulioharibika ulitolewa, na kifundo kikaunganishwa kisikunjike tena. Shamba letu linateremka hadi mtoni kwa matuta, na baba hawezi kuyashuka. Hufika tuta la pili, husimama, hutazama migomba ya chini, hurudi. Jirani ndiye anayevuna huko. Baba hajawahi kunilaumu. Kwa kweli ningependa anilaumu, angalau nijue ninajibu nini.

Nimeendelea na kazi. Nahesabu, naandika.

Jumapili iliyopita nilikuwa nyumbani. Baba alikuwa ameketi uani, na Tata alikuwa anamkanda mguu ule mzima, ambao siku hizi hubeba mzigo wote. Nilisimama mlangoni. Tata hakuinua kichwa.

"Njoo hapa."

Nikaenda, nikachuchumaa kando ya beseni. Akanishika mkono, akaukandamiza juu ya kifundo cha baba.

"Huu ndio mguu usio na shida. Ujue unavyokuwa."

"Asije tu akauweka kwenye sahani," baba akasema.

Tata alicheka. Ngozi ilikuwa na unyevu, joto lake si jingi wala dogo. Nilisubiri. Baada ya muda nilihisi mshipa ukipiga chini ya kidole changu cha kati, nikaanza kuhesabu, kisha nikaacha kuhesabu na nikauacha mkono hapo hapo hadi maji yakapoa.