Kukimbia Nyuma ya Igoki

Wiki jana mvua ya ghafla iliyapiga majivu niliyokuwa nimeyamwaga nyuma ya jikoni kwangu hapa Embu mjini, na harufu yake ilipoingia dirishani nikabaki nimesimama na mwiko mkononi. Kwa mtu mwingine hiyo ni harufu ya uchafu. Kwangu mimi ni harufu ya Alhamisi. Shuleni kwetu, upande wa Karurumo, Alhamisi ilikuwa siku ya kipindi cha michezo, na kila mtoto alikuja na kopo la majivu kutoka kwao ili tuchore mistari ya uwanja. Umande ukiyalowesha, uwanja mzima ulinuka vivyo hivyo.

Niwaambie ukweli bila kuzunguka: nilikuwa na mbio. Nilikuwa darasa la saba, mwembamba kama ufito, na hakuna msichana wala mvulana wa darasa letu aliyewahi kuona uso wangu tukikimbia. Waliona kisogo tu. Najua mtu hatakiwi kujisifu. Lakini mtoto ninayewasimulia habari zake alikuwa wa kujisifu, na nikimfanya mnyenyekevu leo nitakuwa nimewadanganya.

Mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Nyaga, alikuwa na mbinu moja. Alipuliza filimbi, tukauzunguka uwanja, na watano wa mwisho wakapewa mafyekeo wakate nyasi huku sisi wengine tukicheza. Basi. Hakuwa mtu mbaya. Nadhani ndivyo naye alivyofundishwa. Kila nilipovuka mstari alipiga makofi na kusema, "Wawira ni moto!" nami nikazinywa sifa hizo kama uji.

Katika wale watano, Igoki hakukosa hata siku moja. Alikuwa msichana mnene kidogo, mpole, aliyekaa nyuma yangu darasani na kuniazima rula bila kunung'unika. Kila Alhamisi tumbo lilimuuma. Lisipomuuma alijifungia chooni mpaka akafuatwa. Viganja vyake vilikuwa na sugu za fyekeo, na darasani tukamwita Meneja wa Nyasi. Sikumbuki vizuri ni nani aliyelianzisha jina hilo. Naogopa kwamba ni mimi.

Muhula wa pili Mwalimu Nyaga alihamishwa, akaja Madam Kagendo. Alikuwa Mmeru wa Kiirua, kule kwenye baridi, na wiki za kwanza alishinda ndani ya sweta akijipangusa jasho na kulaumu jua letu. Alifundisha Kiswahili, michezo alitupiwa tu kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka. Alhamisi yake ya kwanza alikuja uwanjani amevaa sketi ndefu na raba nyeupe, na wavulana wakazicheka raba zile mpaka akawageukia.

"Zungukeni mara mbili," akasema. Hakuwa hata na filimbi.

Nikafika wa kwanza, kifua mbele, nikasimama mahali ambapo sifa zangu zingenipata kwa urahisi. Madam hakunitazama. Alikuwa akiitazama saa yake. Wenzangu wakafika, wawili, kumi, thelathini, naye bado anaitazama saa. Mwishowe Igoki akaja akitembea, kichwa chini, akielekea moja kwa moja kwenye mafyekeo.

"Wewe, wacha hiyo," Madam akamwambia. Kisha akachukua kipande cha makaa, akaandika kwenye ukuta wa stoo: dakika saba na nusu. "Hiyo ndiyo saa ya darasa la saba."

"Lakini Madam, mimi nimefika kitambo!"

"Wewe umefika," akasema. "Darasa halijafika."

Tangu siku hiyo darasa zima lilikuwa na saa moja, na ilikuwa ya yule wa mwisho. Akatupanga wawili wawili, mwenye mbio na asiye na mbio, na mkimkisia niliyepewa mtakuwa mmepata. Kesho yake, katika kipindi cha Kiswahili, aliandika ubaoni "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," akaniita mimi nieleze maana yake. Nikaeleza vizuri sana, kwa mifano. Ilinichukua miaka kujua kwa nini aliniita mimi.

Nikaanza kumfundisha Igoki kwa njia pekee niliyoijua. Saa ya chakula cha mchana nilisimama katikati ya uwanja na kijiti mkononi, yeye akazunguka, mimi nikapiga kelele. "Inua miguu! Mikono! Unakimbia kama gunia la mahindi!" Darasa lote likacheka, na nilipoona wanacheka nikaongeza sauti.

Alhamisi iliyofuata Igoki hakuja shule. Ijumaa hakuja. Ndugu zangu, sitawaficha: nilifurahi. Bila Igoki saa yetu ingeshuka kama jiwe. Lakini Alhamisi nyingine ilipofika na dawati lake bado tupu, Madam alituhesabu uwanjani, akaifunika saa yake kwa mkono wa sweta. "Darasa halijatimia. Hakuna kukimbia, hakuna kucheza." Tukaketi kwenye nyasi kipindi kizima, na macho ya watu zaidi ya arobaini yakanigeukia. Nilikuwa nimezoea kutazamwa, lakini si hivyo.

Baadaye aliniita kando. Nikajua ni viboko, nikaanza kusugua mikono yangu pamoja.

"Umemfundisha vile wewe ulifundishwa," akasema. "Sikulaumu sana. Jumamosi uende kwao, umuulize yeye anataka kufundishwa aje."

"Na akikataa kuniongelesha?"

"Utarudi Jumamosi ile ingine."

Igoki aliishi na nyanya yake ng'ambo ya bonde letu. Nilimkuta bibi yule uani akipepeta maharagwe. Nilipomwamkia aliuacha uteo, akanipima kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni.

"Ni wewe wa gunia?"

Ningeweza kudanganya. "Ndiyo, cucu," nikasema, kama tunavyowaita nyanya kwetu.

"Na wewe mwenyewe kilo moja hujafika," akasema, akarudi kwenye maharagwe yake. "Anaenda mtoni. Chukua mtungi umsaidie."

Tukateremka, Igoki mbele. Kuteremka hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kupanda. Njia ile ilikwenda juu katikati ya mibuni kama ngazi, na mkanda wa kubebea mtungi mgongoni ulinikaza paji la uso mpaka nikaona nyota. Mimi, moto wa Mwalimu Nyaga, nilipumzika mara nne. Igoki alibeba mtungi mkubwa kuliko wangu, na hakupumzika hata mara moja. Alipanda polepole, hatua kwa hatua, akivuma pambio la kanisani kwa pua, na kila alipofika kwenye kona alinisubiri. Mara ya nne niliketi kabisa juu ya jiwe.

"Sasa kumbe una nguvu hivi," nikasema nilipopata pumzi, "mbona shuleni hukimbii?"

Akanigeukia. "Hapa hakuna mtu ananiangalia. Kule, nikisikia miguu ya watu ikinipita, yangu inakufa."

Nilitazama vidole vyangu. "Ile ya gunia… nilikosea."

"Najua," akasema. Kisha akauchukua mtungi wangu, ambao nilikuwa nimeujaza nusu tu, akamimina sehemu ya maji yake kwangu na kusema kwamba mtungi ukiwa nusu maji huchezacheza na kumchosha mtu bure, bora ujae. Nikaona ananilipiza kisasi. Lakini alisema kweli. Ulipojaa ulitulia, nikafika.

Pale njiani tukakubaliana. Yeye angekimbia mbele, mimi nyuma yake, na nisimpite kamwe. Jumatatu akarudi shule.

Hamwezi kujua uchungu wa jambo hilo kama hamkuwahi kuwa na mbio. Magoti yaliwasha. Wavulana ambao hawajawahi kunipita walinipita wakicheka, na mimi nikabaki kuutazama mgongo wa sweta ya Igoki. Lakini alipojua kwamba nyayo zilizo nyuma yake ni zangu, na kwamba hazitampita, mabega yake yalishuka. Akaanza kuvuma lile pambio. Nikavuma naye. Ukutani mwa stoo dakika saba na nusu zikawa saba, kisha sita na nusu, na Alhamisi moja Igoki akamaliza akiwa wa tatu kutoka mwisho. Waliobaki nyuma yake wakaanza kufanya mazoezi bila kuambiwa. Na tumbo lake likapona, bila dawa.

Mwisho wa muhula ikawa siku ya michezo, wazazi wakaja. Asubuhi nilishinda mbio za wasichana, nikachaguliwa kwenda kushindana na shule nyingine. Mchana Madam alimwomba mwalimu mkuu aruhusu mbio moja zaidi: darasa la saba na la nane, kila darasa kwa saa ya mtu wake wa mwisho.

Tulianza vizuri. Mzunguko wa pili tulipofika walipokaa wazazi, mtu mzima mmoja akacheka kwa sauti na kusema kitu kuhusu mwili wa Igoki. Igoki akasimama. Si kwamba alipunguza mwendo. Alisimama kabisa, mikono ikining'inia. Wenzetu wote walikuwa wamevuka mstari na walikuwa wakitupigia kelele. Wa mwisho wa darasa la nane alikuwa nyuma yetu kidogo tu.

Maneno yote ya zamani yalinijia mdomoni. Niliyahisi kwenye ulimi. Badala yake nikamkaribia na kusema, "Twende mtoni."

"Nini?"

"Twende mtoni. Mtungi umejaa."

Akaenda. Kwanza akatembea, kisha akakimbia, na mimi nyuma yake. Yule wa darasa la nane alikuwa ametupita tayari. Tukashindwa kwa hatua kama kumi. Nililia kwa hasira, kwa sababu bado nilikuwa yule yule. Igoki aliketi kwenye nyasi akihema, akanitazama nikilia, akaanza kucheka. "Wawira, nimemaliza," akasema. "Wameniangalia, na nimemaliza."

Na yale mashindano ya shule nyingine? Nilikuwa wa kumi na moja. Wasichana wa upande wa Manyatta, wanaopanda milima ya majani chai kila siku, walinipita kama nimesimama, na nikagundua kwamba Igoki hakuwa akitia chumvi: miguu hufa kweli. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyewahi kunipita nikikimbia kwa nguvu zangu zote. Nilitaka kutoka uwanjani, nijifanye nimeumia. Sikutoka. Nilivuma kwa pua mpaka mwisho.

Miaka mingi nilijihesabu kuwa ndiye niliyemsaidia Igoki, na niliwasimulia watu hivyo. Kisha mwaka juzi nilikwenda Kiirua kwenye harusi, nikaulizia, nikaonyeshwa nyumba ya Madam Kagendo. Amestaafu, analima viazi, na bado amevaa sweta. Aliniandalia viazi na maziwa. Nikamuuliza alijuaje kwamba ningemsaidia Igoki.

"Igoki?" Akacheka. "Igoki hakunisumbua akili. Mtoto aliyezoea kushindwa na bado anarudi Alhamisi nyingine, huyo ana kitu. Ni wewe nilikuwa nahofia. Hukuwa umewahi kushindwa. Nilijua ukishindwa siku moja, na hakuna kitu kingine unajua, utaacha."

Nilikaa na kikombe mkononi nisijue niweke uso wangu wapi. Miaka yote hiyo nilidhani nimepewa mwanafunzi.

"Na bado unakimbia?" akauliza.

"Kila asubuhi, Madam. Na wengi hunipita."

"Vizuri," akasema, akaniongezea viazi.