Vitumbua Bila Iliki

Leo nimemkamata Bi Salma, na nimemkamata kwa kitumbua!

(Anayechapa ni mjukuu wangu Zuhura. Mimi shule sikupelekwa, lakini mdomo ninao.)

Mwezi mzima wanawake wa jengo letu hapa Qusais, Dubai, wamegoma kununua vitumbua vyangu. Kisa? Kaka yake Zuhura, yuko Kanada, kafunga ndoa na mwanamume mwenzake, nami nikakataa kumlaani. Nilisema wazi: dini yangu naijua, ndoa ile sikuibariki, lakini yule ni damu yangu na simu yake nitaipokea.

Bi Salma akapita mlango kwa mlango. "Msile kwake!"

Basi asubuhi kaja anayeishi na Bi Salma chumba kimoja, macho chini.

"Bibi, nipe vitumbua kumi. Usitie iliki."

Bila iliki! Jengo zima anayekula hivyo ni mmoja tu, iliki humkera koo.

Nikakaanga. Nikajitanda kanga, nikavipeleka mwenyewe ghorofa ya tatu.

Kafungua Bi Salma.

"Chukua mwanangu, vingali moto. Ila leo uvile mlango ukiwa wazi."

Majirani wanachungulia.

Mara akaangua kicheko, akala cha kwanza palepale kizingitini. Kisha, kwa sauti ndogo: "Yule mjukuu wako hajambo?"

"Hajambo. Kila akipiga anakuulizia."

Akajifuta macho.

Khalas, mgomo umekufa! Kesho nakaanga sufuria mbili. Wa iliki na wasiotaka iliki, nitajieni idadi hapa chini, na msitume watu!