Taa Kumi na Nne za Maktaba ya Varkaus

Saa tatu asubuhi, mwezi wa Januari, na huko Varkaus, mji wa kaskazini ya mbali, bado ni giza. Tyyne Hakkarainen, fundi taa mwenye umri wa miaka 58, ameinamia meza yake. Anafungua holda iliyoungua, kishikio cha balbu, kwenye taa ya shaba ya mwaka 1953, kisha anapitisha kidole ndani ya kofia ya taa hiyo yenye vitundu.

"Gusa hapa," anasema. "Kila kitundu kilitobolewa kwa mkono. Na huyu fundi siku hiyo alichoka. Ona mstari ulivyopinda!"

Taa hiyo ni mojawapo ya taa za maktaba ya mji. Kiangazi kilichopita halmashauri iliamua kuziuza zote kumi na nne kwa tajiri mmoja anayekusanya vitu vya kale, na mahali pake ifunge taa mpya bapa, nyeupe pe. Waya za zile za zamani zilikuwa zimechakaa, na taa moja ilishatoa moshi.

Tyyne ametengeneza taa kwa miaka 31, na miezi mingine hapati hata euro 1,400. Aliposikia habari za mauzo hayo, alimfuata mkuu wa maktaba, Osmo Laukka.

"Nipe wiki. Nitatengeneza moja bure, tuitundike jirani na hiyo mpya yako."

"Dada Tyyne, mwanga ni mwanga."

"Basi unaogopa nini?"

Zikatundikwa, kila moja juu ya meza yake. Siku ya tatu, watu tisa walibanana chini ya taa kuukuu, meza ya pili tupu. Osmo akamuuliza bibi Lempi, msomaji wa kila siku, mbona hahamii kwenye nafasi.

"Ile inanikodolea macho kama daktari," akajibu Lempi. "Hii inamulika kitabu, basi. Hebu sogea, unaniziba."

Tyyne hakushangaa. "Walioibuni walilijua giza letu. Mwanga unashuka mezani, mwingine unapenya vitunduni, balbu yenyewe huioni."

Halmashauri ilifuta mauzo, kwa sharti taa zote zipite ukaguzi wa umeme kabla ya Aprili. Tisa zimeshapita.

Zikiisha, Tyyne ana mpango ambao hadi leo hajamwambia mtu.

"Miaka yote nafungua taa za wenzangu. Ya kwangu sijawahi kuibuni, naogopa," anasema, akikunjua karatasi iliyochorwa na kufutwa mara nyingi. "Nitaitundika juu ya meza ya jikoni. Ikitoka mbaya, nitakula viazi vyangu chini yake peke yangu. Ikitoka nzuri, nitaongeza viti."