Mama Hongera, anayelipwa ili ashindwe

Saa tatu asubuhi, ghorofa ya pili juu ya duka la magodoro, mwanamke wa miaka thelathini na minne anavaa hedifoni, anavuta kiti, anaalisha vidole vya mkono wa kulia mpaka vinalia, kisha anaanza kazi ya kushindwa.

Hashindwi ovyo. Kwenye skrini kuna chumba cha nyumba ya wageni kilichochorwa vizuri, na upande wa pili wa meza ameketi mtu asiyemjua, ambaye anamdhani ni msafiri mwenzake. Karata zinashuka moja moja. Mgeni anabanwa mpaka anakaribia kukata tamaa, halafu anapata upenyo, anaponyoka na kushinda kwa karata ya mwisho.

"Hongera!" mwanamke anaandika haraka. "Leo umenipatia kweli."

Anafunga meza hiyo na kufungua nyingine. Kwa neno hilo analoliandika kutwa, wenzake wanamwita Mama Hongera, na ndilo jina tutakalolitumia hapa. La kwake ameomba lisiandikwe, kwa sababu mkataba unamkataza kumwambia mtu yeyote anafanya kazi gani.

Gemu lenyewe ni lile la kuzunguka dunia ya kubuni, watu wakipanda farasi na kupigana na majoka. Lakini ndani ya nyumba za wageni za dunia hiyo kuna mchezo mdogo wa karata unaoitwa Daraja, na wengi wakishauonja huwafunga farasi mlangoni na kuyasahau majoka kabisa.

Sheria zake ni nyepesi. Kila mchezaji huja na fungu la karata alizozichagua mwenyewe: mbao na nguzo za kujengea daraja lake, na mizigo ya kuvunjia daraja la mwenzake. Aliyeishiwa mkononi huokota karata moja zamu yake ikirudi, na anayetangulia kufika ng'ambo ndiye mshindi.

Ugumu uko kwenye kuchagua. Wapo wanaojaza mizigo, wavunje tu kila kinachosimama. Wapo wanaojaza nguzo, ambazo hazivunjiki kirahisi ila huchelewa kusimama. Mama Hongera ana fungu lake, alilolipanga mwenyewe kabla hajaajiriwa: mbao nyingi za bei ya chini na nguzo mbili tu. Analiita fungu la mjinga.

"Ukiliona utacheka," anasema. "Najenga, unavunja. Najenga tena, unavunja. Unaniona mwehu. Kumbe mizigo yako inaisha kwenye mbao zisizo na thamani. Ukibaki mikono mitupu, natoa nguzo zangu mbili, navuka."

Kwa fungu hilo alikuwa hapigiki. Ndiyo maana aliajiriwa, na ndiyo maana hana ruhusa ya kulitumia mpaka mwisho.

Mtu akishindwa mara tatu mfululizo huzima gemu, na akizima hanunui karata mpya. Basi wenye gemu wakatafuta kampuni ya kuwaletea wapinzani wenye adabu. Jina la mchezaji likitokea kwa rangi ya kijani, apewe ushindi. Likiwa la njano, atolewe jasho kwanza ndipo apewe. Likiwa jekundu, apigwe bila huruma. Wekundu ni wale wasionunua kitu.

Ukutani, juu ya mashine ya maji, msimamizi amebandika karatasi yenye maandishi makubwa: Asiyekubali kushindwa si mshindani. Wahenga walioitoa methali hiyo hawakujua kuwa siku moja itabandikwa katika ofisi ya watu waliokatazwa kushinda.

"Kumpiga mtu ni kazi moja," anasema Mama Hongera. "Kumwachia bila yeye kujua ni kazi mbili. Lazima kwanza uione njia ya kushinda, halafu uipite kama hukuiona."

Saa inayomwelekeza ni chupa ndogo ya mchanga inayopima muda wa zamu yake, pembeni mwa skrini. Mpinzani akiishiwa karata na mchanga ukianza kumwagika, hapo ndipo pa kumwachia. Anaangusha ubao usio na faida, zamu inahama, mteja anafurahi. Amefanya hivyo kwa miaka mitatu, meza baada ya meza, na msimamizi anakiri kuwa hajapata kuona mkono laini kama wake.

Kabla ya hapo alikuwa karani katika duka la vipuri vya magari. Duka lilipofungwa alikaa nyumbani mwaka mzima. Mumewe ni dereva wa lori na huonekana nyumbani kwa zamu kama mgeni. Mshahara wa Mama Hongera ndio unaolipa kodi ya vyumba viwili, ada ya binti yao, na dawa za presha za mavyaa wake, mama wa mumewe, ambaye wanaishi naye.

Bibi huyo mstaafu wa kufua nguo za hospitali ana ulimi usio na breki. Alipoelezwa kuwa mkwewe amepata kazi ya kucheza karata, alishika kiuno.

"Tuliambiwa kazi mbaya si mchezo mwema," alisema. "Sasa wewe umepata kazi ambayo ni mchezo, na mchezo wenyewe ni mbaya. Haya, nikuombee nini?"

Walicheka wote. Siku hizo walikuwa bado wanacheka.

Mwaka jana yalitangazwa mashindano ya wazi ya Daraja. Mshindi angechukuliwa na timu ya kulipwa, yaani angelipwa kwa kushinda. Mkataba wa Mama Hongera ulimkataza kusema, haukumkataza kucheza. Aliomba likizo bila malipo, akaingia kwa jina lake mwenyewe na fungu lake la mjinga.

Aliwapiga wote aliopangiwa. Anasema alikuwa akijisemesha chini chini kila zamu, "Jenga, jenga," kama mtu anayemtembeza mtoto. Watazamaji walicheka mbao zake zilipovunjwa na kunyamaza nguzo zilipotoka. Ukumbini mavyaa alikaa safu ya mbele na mkoba mapajani, hajui nani anaongoza, anapiga makofi kila mtu akipiga.

Fainali alikutana na kijana mmoja fundi wa simu, mchezaji mzuri mwenye mizigo mizito. Mambo yalikwenda kama alivyopanga. Kijana alivunja, akavunja, akaishiwa. Mama Hongera alikuwa na nguzo zote mbili mkononi. Ilibaki kuzisimamisha avuke.

Kijana alikaa anaangalia mkono wake mtupu. Pembeni mwa skrini mchanga ukaanza kumwagika.

"Sikuamua mimi," anasema, na sauti yake inashuka. "Nakuapia, sikuamua. Kidole ndicho kilichoamua. Nilikiona kinakwenda kwenye ubao kama naangalia kidole cha mtu mwingine."

Ubao ukaanguka. Zamu ikahama. Kijana akaokota mzigo mmoja, akalivunja daraja, na zamu mbili baadaye akavuka. Ukumbi ukalipuka. Kabla Mama Hongera hajaelewa nini kimetokea, vidole vyake vilikuwa vimeshaandika kwenye skrini kubwa, mbele ya watu wote: Hongera! Leo umenipatia kweli.

Wanasema kawaida ni kama sheria. Sheria hii ilimhukumu akiwa na ushindi mkononi, na hakuna wa kumkatia rufaa.

Yaliyofuata yaliuma zaidi. Wapenzi wa mchezo waliirudia mechi ile picha kwa picha. Mtu mwenye nguzo mbili anaangushaje ubao? Mjinga hafiki fainali. Yakabaki maelezo ya aina moja tu yenye kuingia akilini: ameuza mechi. Waandaaji walimwita wakamuuliza uso kwa uso kama amelipwa ili ashindwe.

"Niwajibu nini?" anauliza. "Siku ile sikulipwa na mtu. Lakini siku nyingine zote nalipwa. Nikisema ukweli navunja mkataba, nakosa kazi. Nikinyamaza mimi ni mwizi. Nilinyamaza."

Alifungiwa mwaka mmoja. Kijana fundi wa simu sasa ni mchezaji wa kulipwa, na analitumia fungu la mbao nyingi na nguzo mbili. Anawafundisha vijana kulitumia, na limepewa jina lake. Mama Hongera halalamiki kwa hilo kama mtu angetarajia. Kinachomkera ni kwamba kijana analicheza vibaya.

"Anatoa nguzo mapema mno," anasema kwa hasira ya kweli. "Hana subira. Fungu lile linataka mtu aliyezoea kuonekana mpumbavu."

Jumatatu iliyofuata fainali alirudi kazini. Msimamizi hakumkaripia hata kidogo. Alimletea chai mezani, akamwambia kwa upole, "Dada, ile ndiyo kushindwa kwa kiwango cha juu. Watu wamechambua picha kwa picha na bado wanabishana." Mama Hongera anasema alitamani ammwagie chai ile, lakini alikunywa, kwa kuwa ilikuwa imeshatiwa sukari.

Sasa adhabu yake imekwisha na mashindano mengine yametangazwa. Msimamizi naye amemjia na cheo: awe mkufunzi wa wafanyakazi wapya, na mshahara uongezwe. Ameshamjibu. Mwisho wa mwezi huu anaondoka.

Uamuzi huo haukupokewa kwa vigelegele. Mumewe, kwa simu kutoka njiani, alimwambia mtu haachi mbachao kwa msala upitao. Akiba waliyonayo itasukuma miezi miwili, labda mitatu wakibana matumizi. Akishindwa tena, atakuwa amepoteza kazi, cheo na jina kwa mpigo mmoja.

"Ananionea huruma, ila haelewi," anasema kuhusu mumewe. "Anadhani nataka zawadi. Mimi nataka mkono wangu."

Mkono huo ndio unaotibiwa sasa, sebuleni, kwa karata za kawaida za makaratasi. Mwalimu wake ni mavyaa. Jumapili alasiri tuliyowatembelea, bibi alikuwa amekunja miguu kwenye mkeka, miwani puani, karata zake kazishika karibu na kifua kana kwamba mwandishi angemchungulia.

Kumbe kwa miaka yote hiyo bibi alikuwa akimfunga mkwewe kila jioni na kujisifu kwa majirani. Ni baada ya fainali ndipo alipojiuliza inakuwaje mtu aliyewapiga vijana wa mjini anashindwa na yeye, ambaye hata kuhesabu karata zilizotoka hawezi. Siku mbili hakushika karata. Siku ya tatu alizitupa karata mezani.

"Ulikuwa unanidanganya, mwanangu?"

"Mama, nilikuwa sijui kama nakuachia," Mama Hongera alimjibu. Anasema hakuna siku iliyomtisha kama hiyo, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Jumapili hiyo wanacheza. Bibi amebakiwa na karata moja dhaifu, na kila aliye chumbani anajua. Mama Hongera ana karata kubwa mkononi. Anaitazama muda mrefu. Halafu mkono unakwenda, na juu ya mkeka inaanguka karata ndogo.

Binti anageuza uso dirishani.

Bibi haichukui ile karata. Anaisukuma kwa kidole mpaka kwenye goti la mkwewe.

"Chukua chako," anasema. "Mimi ushindi wa kupewa nimeshiba. Cheza upya."

Mama Hongera anaiokota. Anapotoa karata kubwa anaipiga chini kwa nguvu kama mtu anayeua nzi. Bibi anaguna, anakusanya karata, anaanza kuzichanganya tena.

Wanafanya hivi kila siku akitoka kazini, na akishaacha kazi watafanya asubuhi na jioni, mpaka siku ya mashindano. Kuna siku mkono unatii. Siku nyingine hautii kabisa. Tulimuuliza kama anaamini atashinda safari hii.

"Hilo siahidi," anasema, akipokea karata kutoka kwa mavyaa wake. "Wapo wanaonizidi, na wakinizidi nitawapa mkono. Ila nikishindwa, nataka nishindwe kweli."