Farasi Aliyerudi Ndani

Baba yangu alitunza farasi miaka thelathini na mmoja, na mpaka leo hutembea ameinamisha bega la kulia, upande aliokuwa akiwaongozea. Masikio yake ni ya ajabu. Farasi akipita barabarani, baba yuko ndani anakunywa chai, atakwambia chuma cha kwato ya nyuma kimelegea. Mama alikuwa akilalamika kwamba angekuwa na kwato angesikilizwa zaidi.

Kazi hiyo ilikwisha asubuhi moja ya kiangazi, banda liliposhika moto. Baba aliwatoa farasi mmoja mmoja, akiwafunika macho kwa koti lake. Wa mwisho alikuwa jike wa kijivu, kipenzi chake. Alipomfikisha uani alimkabidhi askari mmoja wa zimamoto, akamwambia ashike kamba na asimwachie, kisha akainama kukohoa moshi. Yule askari akaachia kamba, akaenda kuvuta mpira wa maji. Jike akageuka, akaingia tena bandani, moja kwa moja mpaka chumbani kwake. Hakutoka.

Farasi ndivyo alivyo. Akishikwa na hofu hukimbilia mahali anapolala, hata kama panaungua. Kila anayewatunza anajua. Watu wa ofisini hawajui, na yule askari aliwaandikia watu wa ofisini: "Farasi hakimbilii moto. Mtunzaji hakumtoa mnyama huyu." Sentensi mbili tu. Baba alipojieleza mbele ya kamati walicheka. Mmoja alimuuliza kama farasi alikuwa amesahau mkoba. Baba akamwaga unga, majirani wakambandika jina la Mchoma Farasi, na brashi zake akazifungia kwenye sanduku chini ya kitanda.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na niliweka kinyongo. Sioni aibu kusema. Watu huniambia kusamehe kunapunguza mzigo. Mzigo wangu niliuzoea, na ulinifikisha mbali. Nilisomea utabibu wa mifugo, kisha nikajifunza kuokoa wanyama wakubwa: kumnasua ng'ombe mtaroni bila kumvunja shingo, kumfunga farasi mikanda ya kifuani, kusimama mahali ambapo teke halikufikii. Nikaajiriwa kuwafundisha zimamoto. Mtihani niliutunga mwenyewe, na kwa miaka minane swali la kwanza halikubadilika: Farasi aliyetolewa kwenye banda linaloungua akiachiwa kamba, atakwenda wapi? Anayelikosa hilo hapati cheti, hata akipata mengine yote.

Nilijua yule askari atakuja tu. Cheti changu kilipofanywa sharti la kuwa mkuu wa kituo, akaja, tumbo mbele, kichwa kimejaa mvi. Hakunitambua. Siku nne nilimfundisha kwa adabu zote. Siku ya tatu nilimlaza kwenye tope awe ng'ombe, wenzake wakamfunga mikanda na kumburuta, nikawaamuru warudie mara tatu kwa sababu fundo halikukaa vizuri. Fundo lilikuwa sawa kabisa.

Siku ya tano niligawa karatasi. Wengine walijibu swali la kwanza wakaendelea. Yeye kalamu ilikwama. Akainua macho, akasoma jina la ukoo kwenye beji yangu, akanitazama usoni, na nikaona maji yamemfika shingoni. Akiandika ukweli, anaikana ripoti yake kwa mkono wake mwenyewe. Akiandika uongo, ukuu wa kituo atausikia kwa wenzake.

"Mwalimu," aliniita kwa sauti ya chini, "hili swali ni lazima?"

"Ni lazima, afande."

Aliandika: "Atarudi ndani. Lazima ashikwe na mlango ufungwe."

Nikampa alama zote. Kisha nikatoa mkobani nakala ya ripoti yake, niliyoitunza miaka kumi na minne, nikaibana pamoja na karatasi ya mtihani, nikamwambia asimame mbele ya darasa asome zote mbili. Kabla hajaanza nilimwita baba. Alikuwa uani. Nilikuwa nimemdanganya kwamba farasi wetu wa mazoezi hana mtu anayejua kumpiga brashi, na asubuhi ile alilivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Aliingia na brashi mkononi, manyoya yamemganda kwenye shati.

Afande alisoma ripoti. Akasoma jibu.

"Mzee," alisema, "yule farasi ulimtoa. Mimi ndiye niliyemwachia. Niliogopea kazi yangu."

Baba ni mtu mpole. Nilihofu atamshika mkono, amwambie yamepita, na nilikuwa tayari kumkasirikia siku nzima. Badala yake alivuta kiti mstari wa mbele, akakaa, akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Sijasikia vizuri, afande," alisema. "Hebu rudia tangu mwanzo."

Akarudia. Baba akatikisa kichwa, akamwomba apaze sauti kidogo, maana uzee una mambo yake. Afande akasoma mara ya tatu, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola, huku darasa zima likiwa limeinamia madawati.

Nje, ng'ambo ya uwanja, farasi alisogea kwenye kamba yake. Baba hakugeuka wala hakumwondolea afande macho.

"Chuma cha kwato ya nyuma kimelegea," aliniambia. "Ya kushoto."